Kiangazi cha Bibi katika Nyumba ya Mawe

Harufu ya nyumba ile ndiyo iliyonipokea kwanza, kabla sijaonana na mtu yeyote wa humo ndani. Ilikuwa harufu ya mawe yaliyolowa yakakauka yakalowa tena kwa miaka mingi, pamoja na moshi wa makaa ya mawe na sufu mbichi iliyotundikwa karibu na meko. Chini ya hayo yote, kwa mbali sana, kulikuwa na iliki. Hiyo iliki ndiyo iliyonishangaza. Nilikuwa na miaka kumi, nimetoka Dallas peke yangu kwa ndege, kipochi cha plastiki kikining'inia shingoni kikiwa na jina langu na jina la mtu wa kunipokea. Safari nzima nilijiandaa kukuta kila kitu kigeni. Nikaingia katika nyumba ya mawe ya kijiji cha Uskoti ambacho hata jina lake lilinishinda kulitamka, na pua yangu ikanipeleka moja kwa moja jikoni kwetu Mesquite, mji wa pembeni mwa Dallas, asubuhi Mama akitoka kazini na kubandika chai. Bibi alikuwa amesimama mbele ya jiko, kanga kiunoni na sweta nzito la kiume juu yake, anakoroga sufuria. Nilikuwa sijawahi kumwona ila kwenye picha. Nikasema shikamoo, neno pekee la Kiswahili nililokuwa bado ninalitumia bila kulazimishwa. Akaitikia marahaba, akaniangalia kutoka utosini hadi kwenye viatu, akasema, "Karibu, mke mwenzangu." Sikujua kwamba kwa watu wa pwani huo ni utani wa bibi na mjukuu wake wa kike. Nilidhani amenifananisha na mtu mwingine.

Mesquite tulikaa katika apatimenti ya ghorofa mbili iliyojengwa kwa mbao. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, Mama alimwombea afya kutoka upande wetu. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na tulimwona kama watu wanavyouona mwezi, kwa vipindi. Mama alifanya kazi zamu ya usiku katika ghala moja kubwa, akipanga maboksi, na alirudi wakati mimi ninasubiri basi la shule. Nyumbani Kiswahili kilikuwapo kila mahali ila kinywani mwangu. Nilikielewa chote, cha mapishi, cha ugomvi na hata cha siri, lakini nikiulizwa swali nilijibu kwa Kiingereza. Mama alinikumbusha mpaka akachoka. "Mwacha asili ni mtumwa," alikuwa akiniambia, nami nikamjibu, kwa Kiingereza, kwamba nimeelewa.

Miaka michache kabla ya safari hiyo, Babu, baba yake Mama, alifariki Pangani. Nakumbuka Mama alivyokaa kwenye sakafu ya jikoni na mgongo wake kwenye mlango wa friji, simu ikiwa mapajani. Hakwenda kuzika. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajajibiwa, na wakili alimwambia waziwazi kwamba akitoka Marekani kabla ya jibu, mlango utajifunga nyuma yake, na hakuna ajuaye utafunguka lini. Basi akabaki, akaswali, akapika pilau la hitima kwa ajili ya majirani wachache wa Kitanzania wa Mesquite na DeSoto waliokuja kumpa pole, na usiku ulipofika akavaa viatu vya kazi akaenda ghalani. Tangu siku hiyo simu kati yake na Bibi zilibadilika. Walisalimiana, wakaulizana afya, wakaulizana mvua, wakaagana. Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Lakini Mama akishakata simu alikuwa anaosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na nadhani Mama aliamini kwamba kwa kutokuwapo siku ile alikuwa amepoteza hata haki ya kulia mbele ya mama yake.

Kisha mdogo wake Mama, Mama Mdogo Rukia, ambaye alikuwa muuguzi huko Uskoti na ameolewa na mwalimu wa hisabati anayeitwa Ewan, akajifungua mtoto wa kiume. Bibi akapata viza ya kwenda kumlea mzazi. Viza ya Marekani hakuwahi kuipata. Jioni moja Mama alinikalisha kitandani, akaniambia nitakwenda Uskoti likizo yote ya kiangazi. Nilimwambia sitaki. Akasema, "Nuru, wewe umezaliwa hapa, una pasi. Mimi siwezi kutoka, na yeye hawezi kuja. Nenda ukamwangalie vizuri. Ukirudi utaniambia amekuwaje." Hakusema nimwambie Bibi kitu chochote. Alitaka macho yangu tu.

Nyumba yenyewe ilisimama pembeni mwa barabara ya kijiji, paa lake la vigae vya mawe meusi limejipinda kidogo katikati kama mgongo wa punda mzee. Baba Mdogo Ewan alikuwa amerithishwa na shangazi yake, aliyeishi humo peke yake hadi alipofariki, na sasa alikuwa anaikarabati pole pole kila mwisho wa juma. Kuta zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu. Nilikuwa nikikaa ndani ya dirisha lenyewe, miguu imekunjwa, kama mtu aliyekaa kwenye rafu. Ngazi za kwenda juu zilikuwa za mawe, zinazunguka, zimelika katikati kwa nyayo za watu wa zamani. Juu ya mlango wa mbele, kwenye jiwe lile mafundi wetu wanaloliita linta, palikuwa pamechongwa herufi nne na moyo katikati. Baba Mdogo alitueleza kwamba ni herufi za majina ya bwana na bibi walioijenga nyumba, waliochonga siku walipooana, karne kadhaa zilizopita. Nyumba ilikuwa imeandikishwa miongoni mwa majengo ya kale yanayolindwa, kwa hiyo hakuruhusiwa kubadilisha hata dirisha bila kibali, na siku za jua watalii walisimama barabarani kuipiga picha. Bibi alinyanyua mkono akayagusa yale maandishi. Alizaliwa katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa kule Pangani, ambayo ilianguka upande mmoja yeye akiwa bado msichana. "Kwetu tunachonga mlango," akasema. "Hawa wamechonga jiwe. Mlango wetu mchwa ameula." Mama Mdogo akamtafsiria mumewe, na Baba Mdogo akacheka, akasema mlango wa kwao nao umeliwa, huo uliopo ni wa juzi tu. Bibi akatikisa kichwa. "Nyumba njema si mlango," akasema, akaingia ndani kutazama maharage yake.

Siku za mwanzo mimi na Bibi tulikuwa kama redio mbili kwenye chumba kimoja, kila moja na stesheni yake. Yeye alizungumza, mimi nikajibu kwa Kiingereza, yeye akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa kila neno. Kisha akafanya alivyoona yeye. Nilimwomba maji, akaniletea blanketi. Nilimwambia sitaki blanketi, ninaona kiu, akanifunga blanketi vizuri zaidi mabegani na kunipapasa kichwa. Niliomba sukari, kikaja kitunguu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafanya makusudi, maana uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayehesabu tasbihi. Ninachojua ni kwamba kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimechoka na njaa na kiu na joto la blanketi, nikasema kwa sauti ndogo, "Bibi, naomba maji ya kunywa." Alisimama pale pale na mwiko mkononi. "Tazama," akamwambia Mama Mdogo. "Anaongea kama Salma. Hata huko kuvuta 'naomba', ni Salma mtupu." Salma ni jina la mama yangu. Akanipa maji, akageukia dirishani.

Tangu hapo maneno yalianza kutoka, mwanzoni yakiwa yamevaana vibaya. Nilisema "ki-jacket changu" na "nime-finish," naye akanirudishia yakiwa yamenyooshwa, bila kunisuta, kama mtu anayekurekebishia kola. Nilimsaidia kumwogesha mtoto, Idris, katika beseni mbele ya meko. Nilijifunza kukanda unga wa maandazi kwa nazi ya kopo. Alasiri, mvua ikikatika, Bibi alitandika mkeka juu ya benchi la mawe lililokuwa nje ubavuni mwa mlango, akakaa na kuangalia njia, kama anavyokaa mtu barazani kwake. Watu wa kijiji hawakuwa na desturi hiyo. Walipita wakainamisha vichwa. Bibi akawasalimu wote, kwa Kiswahili, mmoja mmoja. Siku moja jirani wa upande wa pili, mjane mrefu mwembamba aliyeitwa Bi Jean, akaja na sindano zake za kufuma akakaa kwenye ncha ya benchi. Siku ya pili alileta jamu nyekundu yenye uchachu, Bibi akampa maandazi. Walikaa hivyo kila alasiri, huyu akisema ya kwake na yule ya kwake, wakicheka pasipo kungojana. Nilijitolea kuwatafsiria, lakini Bibi akaniambia niwaache, wanaelewana vya kutosha. Mgeni njoo mwenyeji apone, na nilimwona Bi Jean akipona kitu ambacho sikukijua jina lake.

Shida moja ya nyumba ile ilikuwa simu. Waya wa simu ulikatwa tangu shangazi yake Baba Mdogo alipofariki, na mafundi walikuwa wanaahidi kuja. Simu ya mkononi nayo haikushika ndani ya kuta zile, wala nje mlangoni. Mahali pekee mtandao ulipokubali palikuwa juu, kwenye makaburi ya kanisa, penye ukuta mfupi unaotazama bonde. Basi kila siku saa nane mchana, ambapo Mesquite ilikuwa saa mbili asubuhi na Mama ametoka kazini, mimi na Bibi tulipanda njia ya mawe kwenda kumngoja. Bibi alipanda taratibu, akishika mkono wangu. Langoni alitoa salamu kwa waliolala. Nilimuuliza kama inafaa, kwa kuwa hao hawakuwa Waislamu. "Wafu ni wafu," akasema. "Salamu haimdhuru mtu." Kisha simu ililia, nao wakasema yale yale. Hujambo, sijambo. Mtoto hajambo. Huku mvua. Huku joto, watu wanaungua. Nuru anakula. Haya, Mungu akipenda kesho. Bibi alinirudishia simu, tukakaa kidogo ukutani kabla ya kushuka. Mara moja alisema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo, "Mume wetu alikuwa akimpenda sana huyu Salma." Kwa kuwa mimi nilikuwa mke mwenza wake, mume wetu alikuwa Babu. Nilikuwa nimeshauelewa utani. Nikamshika mkono.

Agosti ilipoanza, asubuhi moja, Bibi alikuwa anateremka zile ngazi za mawe amebeba beseni la nguo za mtoto. Tulisikia beseni kwanza. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya chini, amenyoosha mguu, uso umekuwa wa majivu, anasema Alhamdulillahi kwa sauti ya kawaida. Gari la wagonjwa likamchukua. Wakarudi naye kesho yake, mfupa wa juu ya kisigino umepasuka, mguu umefungwa plasta hadi gotini, na amri ya daktari kwamba asiukanyagie. Baba Mdogo alimteremshia kitanda sebuleni, mbele ya meko, kisha akawahi shuleni kwenye kikao. Saa nane ikafika. Siku iliyotangulia hakuna aliyepanda kupokea simu, na tulijua Mama atakuwa amepiga na kupiga. Mama Mdogo alikuwa ananyonyesha, amekesha, hajalala hata kidogo. Akanipa simu. "Mwambie mama yako taratibu," akasema. "Usimtishe."

Nilipofika ukutani simu tayari ilikuwa inalia. Nilimwambia Mama, kwa Kiingereza, kwamba Bibi ameanguka kwenye ngazi. Kisha akasema, "Hata baba yangu walianza kwa kuniambia ameanguka." Nilijaribu kumweleza habari ya kisigino na plasta, lakini alikuwa amekwisha kupita maneno yangu. "Nakuja," akasema. "Nikitoka hapa naenda kukata tiketi. Ya kwanza nitakayoipata." Nilielewa maana yake. Kuta za Mesquite zilikuwa zimenisikizisha maneno yote ya wakili. Kama akija, hatarudi, au hatarudi kwa miaka, na mimi sikujua katika hali hiyo mimi ningekuwa wa wapi. Nikamwambia hawezi. Akasema, "Nenda kamwambie bibi yako nakuja. Sikati simu. Nipo hapa kwenye gari, nakusubiri."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Simu haikuweza kushuka nami, mtandao ungekatika, basi nikavua sweta langu, nikaifunika simu ikiwa wazi juu ya ukuta, nikateremka mbio. Niliingia sebuleni ninahema. Bibi akaniamuru nikae kwanza, nivute pumzi. Nikasema, "Bibi, Mama anasema anakuja. Leo anakata tiketi." Aliniangalia. "Akija, atarudi vipi kwake?" Nikamwambia hawezi kurudi. Akageuza macho kwenye moto. Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na Idris begani, akasema, "Mama, niende mimi nikaongee naye?" Bibi akasema, "Mwache mtoto. Ametumwa yeye." Kisha akaniambia neno kwa neno, na akataka niyarudie mbele yake nisije nikayamwaga njiani: "Mwambie mguu umevunjika, mimi sijavunjika. Asije. Akija leo ataniletea mzigo, hataniletea faraja." Niliporudia nilisema "atanileta" badala ya "ataniletea," akanisahihisha, nikarudia tena, akaniruhusu kwenda.

Nilipanda ninayasema kwa mdomo, kama anayepelekwa dukani akiogopa kusahau alichoagizwa. Nikaichukua simu chini ya sweta, nikayasema. Mama alilia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia kwa sauti, hata siku ya msiba. Nyuma yake nilisikia milango ya magari ikifungwa kwenye maegesho ya ghala, na mtu anacheka, asubuhi ya kawaida ya watu waliomaliza kazi. Alipotulia akasema, "Muulize kitu kimoja. Muulize, nilipokosa kuja kumzika baba, alinisamehe?" Nikaifunika tena simu. Safari hiyo sikukimbia. Mvua ilikuwa imezidi na mawe yanateleza, na nadhani pia niliogopa jibu. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba swali hilo lilikuwa limekaa chini ya kila "hujambo, sijambo" niliyowahi kuisikia.

Bibi aliponisikia alifumba macho. Kisha akasema, bila kuyafumbua, "Mwambie sikuwa na la kumsamehe. Hakunikosea. Nilinuna, hilo ni kweli. Nyumba ilijaa watu, kila chumba kimejaa, na yule mmoja niliyemtaka nilie naye hakuwapo. Nikamkasirikia kwa sababu nilimtaka. Mwambie hivyo hivyo." Mama Mdogo alikuwa anapangusa machozi kwa nepi ya mtoto. Bibi akafungua macho, akaniambia, "Sema nikusikie." Nikasema. Nikasema yote bila kukosea, hata pale pa "nikamkasirikia kwa sababu nilimtaka," ambapo ulimi wangu wa Mesquite ulikuwa na kila sababu ya kujikwaa.

Sitasahau nilivyoyatoa maneno yale pale juu, maji yananitiririka usoni, nimeushika ukuta kwa mkono mmoja. Mama hakulia tena. Akaniomba niyarudie, nikayarudia. "Sawa," akasema mwishowe. "Mwambie siji. Mwambie nimesikia." Halafu akaniuliza kama nimevaa sweta. Nikamwambia sweta limevaliwa na simu.

Bi Jean ndiye aliyekwenda kuzungumza na watu wa kanisa wakamwazima Bibi kiti cha magurudumu. Jumamosi iliyofuata, jua limetoka, Baba Mdogo alikisukuma kiti kile kwenye njia ya mawe huku Bi Jean ameshika upande mmoja na mimi upande mwingine, Bibi amekaa katikati yetu na koti la sufu juu ya kanga, mguu wake mweupe kwa plasta umetangulia mbele. Langoni akasalimu kama kawaida. Simu ilipolia aliipokea mwenyewe, akatupungia mkono twende. Tulikwenda kusimama kando, karibu na mlango wa kanisa. Baba Mdogo alijifanya anasoma kaburi. Bi Jean alitoa sindano zake akafuma akiwa amesimama. Hatukusikia maneno, lakini tuliona mabega ya Bibi yakitikisika, na tukasikia kilio kile cha wanawake wa kwetu, kirefu, kinachopanda na kushuka, na ndani ya simu, hafifu sana, kingine kinakijibu. Mficha maradhi kilio humfichua. Walimlia Babu pale juu, mmoja makaburini Uskoti na mwingine kwenye gari Mesquite, mpaka wakatosheka. Bibi aliponiita nikamkuta uso umevimba na umetulia. Akaniambia ana njaa.

Nilirudi Texas shule zilipokaribia kufunguliwa. Mama alinipokea uwanja wa ndege, na hata kabla hatujafika garini akauliza, "Amekuwaje?" Nikamweleza kwa Kiswahili, njia nzima ya barabara kuu: jinsi anavyofunga kanga, jinsi anavyopuliza chai, jino lililong'oka upande wa kushoto, anavyocheka na mjane wa Kizungu ambaye hawajuani lugha. Mama aliendesha pole pole mpaka magari yakatupigia honi. Bibi alipona akarudi Pangani. Makaratasi ya Mama yalikuja miaka mitatu baadaye, na wiki ileile akakata tiketi. Alikaa kwa mama yake tangu mwanzo wa Ramadhani hadi baada ya Idi, wakafuturu pamoja kila jioni. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Safari hiyo Mama aliwahi kuzika.

Leo mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Katy, hukohuko Texas, ninafanya kazi hospitalini Houston na ninatumia sehemu kubwa ya maisha yangu barabarani kati ya huku na huko. Nyumba yetu ni mpya. Tuliiona ikiinuka kutoka kwenye tope, mbao kwanza, kisha matofali ya kuipamba kwa nje, na kabla msimu mmoja haujaisha tulikuwa tumehamia. Mtaa mzima umefanana, hata wageni wetu hukosea mlango. Sidhani kama kuna atakayechonga herufi zetu popote, na sina uhakika kama nyumba hii itanizidi umri. Lakini ina vyumba vya kutosha, na kimoja ni cha Mama, ambaye ameacha kazi za ghalani na kuja kukaa nasi. Nikiwa mdogo niliamini kwamba kuta nene na bahari ndizo zinazowazuia watu kusikilizana. Siku hizi naona kwamba watu wanaweza kukosana hata kuta zikiwa za karatasi, kila mmoja na kioo cha simu yake mkononi. Watoto wangu wanakielewa Kiswahili chote, na wananijibu kwa Kiingereza. Nimejaribu kusema nao kwa methali na kwa hongo, vyote sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Mama hasemi nao kwa methali. Binti yangu mkubwa ana tabia ya kumpigia bibi yake simu akiwa chumbani kwake ghorofani, ilhali Mama yupo jikoni chini, na mimi jambo hilo lilinikera tangu mwanzo. Jumapili iliyopita nilisimama kwenye ngazi nimwite ashuke, azungumze na bibi yake kama mtu. Mama akanizuia kwa mkono. "Mwache," akasema. "Akishuka ataongea Kiingereza na wewe. Kwenye simu anaongea na mimi." Kisha akanieleza alichokuwa anakifanya miezi yote hiyo bila kuniambia: mtoto akianza kwa Kiingereza, yeye hukata, anangoja ipigwe tena. Simu ikalia juu ya meza. Mama akaipokea, akasikiliza, akaikata, akaendelea kukata vitunguu. Ikalia mara ya pili. Safari hiyo niliisikia sauti ya binti yangu kutoka kwenye simu na kutoka juu ya ngazi kwa wakati mmoja, ikitafuta maneno yake moja moja: "Bibi, chai... chai imeshaiva?"

"Imeiva, mke mwenzangu," Mama akasema. "Shuka."